Mkaja wa Kituruki

Tanga, Ngamiani
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi, Mama Pacha,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu. Kulwa na Doto waambie bibi yao amewakaangia visheti, mjomba wako atakuja navyo Jumanne pamoja na barua hii. Akikukabidhi bahasha usiifungulie dukani. Ngoja ufike nyumbani, watoto walale.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na mteja anapimwa gauni, nikauzima pale sauti yako ilipoanza kukatika. Mara ya pili ilikuwa usiku, nimelala chali, simu kifuani. Dakika 11. Umesema mengi, lakini neno ni moja: unataka kurudi Istanbul wakufungue tena, waurekebishe ule upasuaji wa kukaza tumbo.

Nimeona nikujibu kwa kalamu. Nikisema kwa mdomo nitalia, na nikilia utaacha kunisikiliza utaanza kunibembeleza. Tumeshafanya hivyo mara ngapi mwaka huu?

Kwanza nikukumbushe kitu ambacho nadhani hukukiona vizuri, kwa sababu ulikuwa umelala na macho umeyaelekeza darini. Mimi nilikiona. Siku niliyofika kwako mwezi wa kwanza ilikuwa siku ya 12 tangu upasuaji. Umerudi na ndege, saa saba umekaa umejikunja, na mizigo ya nguo za Laleli, kule Istanbul unakonunua bidhaa za duka, imetangulia kama kawaida, maana wewe hata ukienda kukatwa tumbo lazima ufunge na mzigo. Nilipokufungua ule mkanda mpana uliorudi nao, ule ninaouita mkaja wa Kituruki, ilinipiga harufu. Mshono ulikuwa umetoka nyonga hadi nyonga, mzuri pembeni kote, uzi umelala sawasawa, fundi aliyeshona anajua kazi. Ila pale katikati, juu kidogo ya kinena, ngozi ilikuwa nyeusi, upana wa kiganja cha mtoto. Si nyeusi ya rangi yetu. Nyeusi ya ndizi iliyosahauliwa kapuni. Siku tatu baadaye ile nyeusi iliachia, na mshono ukafunguka nikaona ndani kwa macho yangu, mafuta ya njano kama ya kuku.

Sikukwambia nilichokiona. Nilikwambia "kimechanika kidogo".

Ile "kidogo" tuliisafisha wiki sita. Asubuhi na jioni. Maji ya chumvi ya hospitali, gozi, plasta. Nesi alinifundisha nisikijaze kidonda kama mto, niweke gozi lenye unyevu taratibu, lifike kila kona bila kubana. Nami nilikuwa naifanya kazi ile kama navyotia pamba kwenye mabega ya koti. Ulikuwa unauma khanga. Ile khanga ninayo bado, ina matundu ya meno pindoni, sijaitupa wala sijaishona.

Halafu yakaja maji. Unakumbuka ulivyokuwa ukigeuka kitandani tumbo linacheza kama mfuko wa maziwa? Daktari wa pale Dar akatueleza vizuri, nami nikaandika kwenye daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma. Akasema wakati wa upasuaji huu ngozi na mafuta yake hutenganishwa na misuli kuanzia chini mpaka karibu na mbavu, ndipo ivutwe chini na ziada ikatwe. Panabaki uwazi, na mwili ukiona uwazi unaujaza maji. Ndiyo sababu wanaacha mipira miwili yenye vichupa, maji yatoke mpaka yapungue yenyewe. Yako waliitoa mapema ili uwahi ndege. Hapo sisemi zaidi, wewe unajua nani aliamua, na nadhani mliamua wote wawili.

Daftarini nimeandika: mara ya kwanza alivuta mililita 180 kwa sindano, rangi ya chai nyepesi. Wiki iliyofuata 120. Kisha 60. Kisha 40. Yale maji alipeleka maabara, akaomba wayaoteshe kwa muda mrefu, na alitueleza kwa nini. Mwaka 2013 na 2014 wanawake kadhaa kutoka Marekani walikwenda Jamhuri ya Dominika kufanyiwa upasuaji wa urembo, wakarudi kwao na vidonda visivyopona, kumbe wameambukizwa vijidudu vya ukoo mmoja na kifua kikuu ambavyo dawa za kawaida havizisikii. Majibu yako yalikuja safi, alhamdulillah. Lakini nataka ukumbuke zile wiki za kusubiri. Ulikuwa hulali, nami silali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo limenishikisha kalamu.

Uliponiaga unakwenda Uturuki uliniambia ni mzigo tu. Sikukasirika uliponificha, maana nilijua kwa nini. Kwenye daftari hilihili ninavyo vipimo vyako vyote. Wiki ya arusi yako, kiuno inchi 28. Pacha wakiwa na miaka miwili, 37. Na pembeni ya hiyo 37, kwa mwandiko wangu, nimeandika "bado". Nani aliniomba niandike "bado"? Kila ulipokuja Tanga, kabla sijakupa hata maji ya kunywa, futikamba ilikuwa shingoni mwangu nakuzungusha. Nilikuwa nasema mbele ya shangazi zako, mbele ya wateja: "Huyu alizaa kwa kisu, hakufungwa mkaja, ndiyo maana tumbo limekataa kurudi." Na wote wanaitikia.

Wewe ulipoolewa nilipewa mkaja wangu, fedha taslimu kwenye bahasha, kama desturi: heshima ya tumbo la mama lililofungwa baada ya kukuzaa. Niliifurahia sana bahasha ile. Na wewe ulipozaa pacha nikaona kama nimekunyima deni, sikukufunga wala sikukukanda ipasavyo kwa sababu ya ule mshono wa uzazi, nikabaki na dukuduku miaka yote. Nilikuwa nakutupia wewe lawama za kwangu. Kumbe yule daktari alipokuchunguza alisema pacha wale waliisukuma misuli ya mbele ikaachana katikati, upande huu na upande huu, upana wa vidole vinne, na ngozi ilishapasuka kwa ndani ikawa na michirizi. Mkaja unasaidia mama asisikie tumbo limelegea akitembea, lakini misuli iliyoachana kiasi kile haiunganishi, na ngozi iliyokwisha kutanuka hairudishi. Hata ningekufunga na kamba ya meli.

Kwa hiyo ile "bado" niliyokuwa naisema ilikuwa ujinga wangu. Nisamehe, mwanangu. Nimekwisha kuikata kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Na si hilo tu. Unakumbuka ile siku ya mwezi wa tatu, kidonda kimefunga, nikasema sasa nikukande kidogo kwa kitambaa cha maji ya moto kama walivyotukanda mama zetu? Ulikaa kimya, ukaendelea na simu yako. Nilipotoa kitambaa ngozi ilikuwa imewiva nyekundu na wewe hujashtuka. Chini ya kitovu palikuwa pamekufa ganzi, mishipa midogo ya hisia imekatwa, inarudi taratibu na pengine hairudi yote. Nusura nikuunguze kwa mapenzi. Tangu hapo nimeacha kushauri mambo ya tumbo kwa kukumbuka ya zamani. Ninayokwambia leo ni niliyoyasikia kwa daktari na niliyoyaona kwa macho.

Umesema wamekuandikia kwamba marekebisho ni bure. Soma tena ule ujumbe. Gharama ya daktari ndiyo bure. Nusukaputi utalipa, chumba utalipa, tiketi, hoteli, na msaidizi wa kukushika mkono. Na akifungua tena ikatokea kama ya mara ya kwanza, wiki sita za gozi zitakuwa wapi? Zitakuwa hukuhuku, na mimi nimeongeza umri. Yule anayekata asipokuwepo siku kidonda kinapofunguka, nusu ya kazi hajaifanya. Mimi nikishona gauni likaachia kwapani, mteja anajua nipo barabara ya ngapi.

Sikatai kwamba Waturuki wanajua kazi. Nimeona mshono wa pembeni. Lakini ulikuwa siku tisa tu mikononi mwao.

Jambo la pili ni muda. Unahesabu miezi minane unaona ni mingi. Daktari wa Dar alikusimamisha, akaifinya ngozi juu ya kovu kwa vidole viwili, ikagoma kushikika. Akasema: "Huku chini bado imekaza. Nikilikata kovu hili leo nitavuta ngozi isiyotaka kuvutika, na itaachia palepale." Wewe ulinung'unika. Mimi nilimwelewa kabla hajamaliza, maana sketi ya kubana ikipasuka nyuma huwezi kukata ule mpasuko ukashona upya bila kuwa na kitambaa cha kuongezea. Utapata sketi ya kubana zaidi, na itapasuka zaidi. Alisema kovu linaendelea kubadilika mwaka mzima, kwa wengine mwaka na nusu: linashuka, linalainika, weusi unapungua. Ngozi nayo inalegea kidogo. Wanaokimbilia marekebisho mapema mara nyingi wanarekebisha kitu ambacho kingejirekebisha nusu bure.

Halafu nakuomba ukae uvitenganishe vitu vinavyokuudhi, maana kwenye simu umevifunga vyote kwenye tenga moja ukaviita "tumbo limeharibika".

Yale mapembe mawili kwenye nyonga, pale mshono unapoishia ngozi inainuka kama kona ya mto, madaktari wenyewe wanayaita masikio ya mbwa. Hayo ndiyo madogo kuliko yote. Alisema yanaondolewa kwa ganzi ya sindano, unaingia asubuhi unatoka mchana, huhitaji nusukaputi wala ndege. Lakini ni hayo unayoyaona kila ukivaa suruali, kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningeanza na hayo, nione roho imetulia kiasi gani.

Kovu la katikati lile pana, hapo ndipo pa kuogopa. Wewe ni wa ukoo wangu. Tazama sikio langu la kushoto, pale nilipotoboa tundu la pili nikiwa msichana, mpaka leo pana kinundu kama punje ya kunde. Ngozi yetu ikikatwa inaweza kuota keloidi. Daktari alitofautisha: kovu nene linalokaa ndani ya mipaka ya jeraha, na keloidi inayovuka mipaka ikaendelea kutambaa. Lako analiona ni la kwanza, ila hataki kubahatisha. Keloidi ikikatwa tu bila sindano za kuifuatilia inaweza kurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana alikuanzishia zile sindano za ndani ya kovu na zile karatasi laini za silikoni. Umechoma sindano ngapi? Mbili. Alisema ngapi? Alisema uende kila baada ya wiki kadhaa mpaka yeye aridhike. Mwanangu, dawa ya jirani umeiacha njiani halafu unatafuta kisu cha ng'ambo.

Kitovu nakielewa. Limekuwa tundu la kifungo lililoshonwa likabaki jembamba. Nilidhani wanakihamisha, kumbe kitovu kinabaki palepale kwenye mzizi wake, ngozi ndiyo inashushwa, kisha wanaitoboa tundu jipya kitokee. Hilo tundu likipona vibaya linajibana. Linapanuliwa, lakini nalo lina kovu lake. Sina la kusema hapo. Hicho ni kitovu chako, nilikikata mimi na mkunga, sasa ni chako.

Na yale maji. Hilo ndilo ambalo hukulitaja hata kidogo kwenye dakika zako 11, na ndilo pekee lililomfanya daktari akunje uso. Kwenye altrasaundi ya mwezi wa sita palionekana kifuko chembamba bado. Akasema kikikauka tusikiguse. Kisipokauka, kuta zake zinakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, halafu hakuna sindano itakayokimaliza, lazima kitolewe chote. Aliandika urudi mwezi wa tisa. Huu ndio mwezi wa tisa. Kama kuna upasuaji wa lazima ni huo, na akiufanya huo anaweza kulishughulikia kovu kwa njia hiyohiyo, mara moja. Sasa ukienda Istanbul kurembesha kovu, kifuko kikabaki ndani, utakuwa umepaka chokaa ukuta unaovuja.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, altrasaundi. Na waandikie kule wakutumie ripoti ya upasuaji wako: walitoa ngozi na mafuta kiasi gani, misuli waliishona au la, kwa uzi gani, walinyonya mafuta pembeni au hawakunyonya. Ni haki yako, umelipia. Daktari yeyote atakayekugusa safari ya pili atataka kujua wa kwanza alipita wapi, kwa sababu ngozi ile ya tumbo sasa inategemea damu ya pembeni zaidi. Ile nyeusi ilitokea kwa sababu damu haikufika.

Na hapa nitakuudhi. Shisha. Uliniambia umeacha, dada yako aliniambia hujaacha, na nguo zako ulizoniletea nizipunguze zilikuwa zinanuka matufaha. Daktari alisema wazi: ile moshi inaibana mishipa midogo, na mishipa midogo ndiyo inayolisha ukingo wa mshono. Wiki nne kabla bila shisha wala sigara, na wiki nne baada, kwa uchache. Hatakukata bila hiyo, na nimempenda kwa hilo. Kule hakuna aliyekuuliza, au walikuuliza kwenye karatasi ukaweka alama "hapana".

Mume wako nimezungumza naye, usikasirike. Yeye anasema hakukutuma mara ya kwanza wala hakutumi mara ya pili, ila anatamani mtoto mwingine. Hayo mjadili wenyewe mkiwa wawili. Nataka tu ujue kwamba mimba itaisukuma misuli ileile na kuitanua ngozi ileile, na daktari akijua mna nia hiyo atawaambia mzae kwanza. Kama huna nia mwambie mwenzio ukweli, usimfiche ukajificha nyuma ya upasuaji.

Mwaka 2024 nilisikia redioni habari ya yule mwanamke wa Nairobi aliyekwenda kupunguza mafuta akafariki, na baraza la madaktari la kule likafunga kliniki. Nilikuwa nashona sare za shule. Nikasema peke yangu, "Wanatafuta nini hawa?" Sikujua mmoja wao ni mwanangu, na kwamba alichokuwa anatafuta ni mimi ninyamaze.

Sitakwambia usifanye. Ningekuwa na miaka yako, duka Kariakoo, na tumbo linaloniambia kila siku nilivyoteseka, huenda ningefanya. Siku hizi hata hospitali ya Mloganzila, hapo Dar, wanafanya upasuaji rekebishi, si lazima mtu apande ndege. Bima haigusi urembo, hilo tunalijua, lakini kifuko cha maji si urembo, kaulize. Ukiamua, ufanyiwe mahali ambapo naweza kufika na basi la asubuhi, na daktari umemhakikisha kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, na wewe unatembea chumbani kesho yake hata kama inauma, damu isigande miguuni ikapanda mapafuni. Mimi nitakuja na gozi zangu. Mikono inajua kazi sasa.

Alhamisi nitakuwa Dar, nimeshakata tiketi. Miadi ya altrasaundi nimemwomba nesi yule aliyetufundisha akuwekee Ijumaa saa tatu asubuhi. Usipotaka kwenda tutakaa nyumbani tule visheti vilivyobaki.

Gauni lako la arusi ya binamu yako, mwezi wa kumi na mbili, nimeshalikata. Kiuno sikukipima, nimekisia tu. Mabega na mikono nimeshona moja kwa moja. Ubavuni nimepiga bandi tu, ule mshono wa muda, na nimeacha inchi mbili za kitambaa kila upande.

Mama yako